Shahada ya Habari na Mawasiliano Tanzania: Mwongozo Kamili, Kuanzia Maombi Hadi Utafiti wa Mwaka wa Tatu

Mwanafunzi wa habari Tanzania anasoma nadharia kwa Kiingereza, anajibu mtihani kwa Kiingereza, kisha anakwenda kufanya kazi kwenye redio inayotangaza kwa Kiswahili tangu alfajiri hadi usiku wa manane. Kati ya hizo lugha mbili kuna shimo, na wengi wanaofanya vizuri darasani hutumbukia humo. Anaweza kueleza kwa kurasa nne nadharia ya uwekaji ajenda, yaani jinsi vyombo vya habari vinavyowafanya watu waone masuala fulani kuwa muhimu, lakini ukimpa taarifa ya mkuu wa wilaya na dakika ishirini, hawezi kukutolea aya tatu za Kiswahili zinazosomeka.

Kwa hiyo mwongozo huu una kanuni moja inayopita humu mwote: kila wiki ya masomo, kamilisha kazi moja ya Kiswahili. Iwe habari fupi, ripoti ya sauti, picha yenye maelezo, au uchambuzi wa ukurasa mmoja. Miaka mitatu ina semesta sita za takriban wiki 15. Hata ukikamilisha nusu tu, utatoka na kazi 45, na kati ya hizo utachagua kumi bora za kumwonyesha mhariri.

Kuchagua kozi na kuomba

Majina ya shahada hizi yanafanana, ila kazi zake hazifanani. Uandishi wa habari unakupeleka kutafuta, kuandika na kuhariri stori. Mawasiliano ya umma ni pana zaidi: redio, televisheni, utafiti wa hadhira, sera za habari. Uhusiano wa umma na matangazo unakuandaa kukaa upande wa pili wa meza, ule unaotoa taarifa kwa vyombo vya habari. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam zote tatu ziko chini ya Shule Kuu ya Uandishi wa Habari na Mawasiliano ya Umma, iliyotokana na chuo cha uandishi wa habari kilichoanzishwa mwaka 1975 na kuunganishwa na chuo kikuu mwaka 2003. Mwanza, Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino kiko Nyegezi, na kina redio yake, kama vile Dar es Salaam kuna Mlimani Redio na Mlimani TV.

Chombo cha habari cha chuo ndicho kitu cha kwanza cha kuulizia. Usiulize kama kipo. Uliza wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanaingia studio mara ngapi kwa semesta, na darasa lina watu wangapi. Studio moja kwa wanafunzi 200 maana yake utaigusa mara chache sana, hivyo itabidi ujifunze zaidi kwa simu yako. Ni vizuri kulijua hilo mapema.

Sifa za kuingia zimo katika mwongozo wa udahili unaotolewa kila mwaka na Tume ya Vyuo Vikuu (TCU). Kwa aliyemaliza kidato cha sita miaka ya karibuni, kiwango cha chini ni ufaulu wa masomo mawili yenye jumla ya pointi 4.0, A ikiwa 5, B 4, C 3, D 2 na E 1. D mbili zinatosha, na C pamoja na E vilevile. Hicho ni kizingiti cha mlango tu. Chuo chenye waombaji wengi huchukua walio juu zaidi, na baadhi ya kozi huongeza sharti la ufaulu wa Kiingereza. Wenye stashahada hupimwa kwa wastani wa alama (GPA) wa 3.0 pamoja na vyeti vya kidato cha nne.

Maombi yanakwenda moja kwa moja kwenye chuo, si TCU. Ukichaguliwa na zaidi ya chuo kimoja, lazima uthibitishe kimoja kwa namba maalumu inayotumwa kwenye simu. Hapa ndipo watu hupoteza nafasi: wamejaza namba ya simu ya mtu wa stesheneri aliyewasaidia kuomba, au laini imepotea. Tumia namba yako, na usiibadili mpaka uwe umesajiliwa.

Mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB) una mtego wake pia. Cheti cha kuzaliwa kinatakiwa kihakikiwe na RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, kabla ya kukiambatanisha, au na mamlaka husika ya Zanzibar kwa waliozaliwa huko. Jina likiwa "Mohamed" kwenye cheti cha kuzaliwa na "Muhammad" kwenye cheti cha mtihani, anza kulirekebisha miezi kabla dirisha halijafunguliwa. Na mkopo ni deni: mwajiri atakukata asilimia 15 ya mshahara wa msingi mpaka liishe.

Hesabu ya wiki

Shahada ya miaka mitatu ina krediti zisizopungua 360, na krediti moja huhesabiwa kuwa saa 10 za kujifunza. Yaani krediti 60 kwa semesta ni saa 600. Zigawe kwa wiki 15 za masomo na mbili za mitihani: ni kama saa 35 kwa wiki. Ratiba ya darasani mara nyingi haizidi saa 20. Hizo nyingine ni zako, na hakuna atakayekuuliza ulikozipeleka mpaka matokeo yatoke.

Vyuo vingi hugawa alama 40 kwa kazi za semesta na 60 kwa mtihani wa mwisho. Wanaopata sapu, yaani mtihani wa marudio, kwenye kozi za habari mara nyingi hawakuangushwa na mtihani. Waliingia na alama 14 kati ya 40, kwa sababu ya kazi za kikundi. Kikundi cha watu kumi, wawili wanaandika, wanane wanaweka majina. Gawaneni kwa majukumu, si kwa kurasa: mmoja anatafuta vyanzo, wawili wanahoji, mmoja anaandika rasimu, mmoja anahariri, mmoja anaandaa uwasilishaji. Majukumu hayo yaandikwe kwenye ujumbe wa kundi siku ileile kazi inapotolewa. Mkigawana kurasa, mtapeleka insha kumi zilizobanwa pini moja.

Madesa (nakala za masomo) ya waliotangulia yatakusaidia kujua maswali huulizwa vipi. Usiyaandike tena. Programu za akili unde nazo zina hatari yake: hutunga marejeo yasiyokuwepo, yenye jina la mwandishi, mwaka na namba za kurasa. Mhadhiri akilitafuta moja tu na kulikosa, kazi nzima imekwisha.

Kiswahili cha habari

Hakuna kozi itakayokufundisha hili kwa kina cha kutosha. Chukua sentensi ya aina inayosikika kila siku redioni:

"Changamoto ya upatikanaji wa huduma ya maji safi na salama imekuwa ikiwakabili wakazi wa kijiji hicho kwa kipindi kirefu."

Maneno 19, na msikilizaji hajui lolote. Muulize mwandishi maswali mawili: maji yalikatika lini, na sasa wanachota wapi? Akijibu, sentensi inajiandika:

"Wakazi wa kijiji hicho hawajapata maji ya bomba tangu Machi, wanachota kwenye lambo wanalonywesha ng'ombe."

Kilichobadilika ni kuripoti kwenyewe. Maneno kama changamoto, upatikanaji, suala la, kwa upande wa, huingia pale ambapo mwandishi hakuuliza. Ukiyakuta kwenye rasimu yako, usitafute kisawe. Rudi kwa chanzo ukaulize.

Kosa la pili ni kuanza na mgeni rasmi. "Mkuu wa wilaya jana alifungua semina ya siku mbili ya wadau wa kilimo" si habari, ni ratiba. Kama ndani ya semina ilitangazwa kwamba mbolea ya ruzuku itachelewa mpaka Januari, hiyo ndiyo sentensi ya kwanza, na mkuu wa wilaya atakuja ya pili, kama msemaji.

Kisha kuna makosa ya kutafsiri, ambayo ni madogo na yanaaibisha. Taarifa ya Kiingereza ikisema tukio ni "8 p.m.", kwa Kiswahili ni saa 2 usiku, kila mwaka kuna mwanafunzi anayeandika saa 8 usiku, na wasikilizaji wanashangaa mkutano gani huo wa usiku wa manane. Kiwango kikitoka asilimia 40 hadi 50 hakijaongezeka kwa asilimia 10: kimepanda kwa pointi 10 za asilimia, sawa na ongezeko la asilimia 25. Na redioni hakuna anayeweza kushika 1,487,320. Sema karibu milioni moja na nusu.

Zoezi la kila wiki: chukua taarifa moja ya Kiingereza ya taasisi yoyote ya umma. Isome mara mbili, ifunike, andika habari ya maneno 150 kwa Kiswahili bila kuitazama, kisha fungua na uhakiki majina, vyeo na tarakimu. Kufunika ndiko kunakozuia muundo wa sentensi za Kiingereza kuhamia kwenye daftari lako.

Nadharia: zishike kwa tukio, si kwa tafsiri

Mwaka wa kwanza utakutana na majina mengi kwa kasi: Lasswell na swali lake la mwaka 1948 la nani anasema nini kwa nani, Lazarsfeld na wenzake waliochunguza wapiga kura wa Ohio kwenye uchaguzi wa 1940 na kuona kwamba ujumbe wa vyombo vya habari hupitia kwa watu wanaosikilizwa na wenzao, White aliyechambua mwaka 1950 jinsi mhariri mmoja anavyochagua habari zipi zipite langoni. Ukikariri maana zake, zitachanganyika zote kabla ya mtihani. Ukishika utafiti ulifanywaje, hutachanganya.

Mfano ni uwekaji ajenda. McCombs na Shaw walikwenda Chapel Hill, North Carolina, wakati wa uchaguzi wa Marekani wa 1968. Waliwahoji wapiga kura 100 ambao hawajaamua wampigie nani, wakawauliza masuala gani ni muhimu zaidi. Sambamba na hapo walipima vyombo vya habari vilivyowafikia wapiga kura hao viliyapa masuala gani uzito. Kisha wakalinganisha orodha hizo mbili, zikakaribiana mno. Utafiti ukachapishwa 1972.

Ona kwamba vipimo ni viwili: maudhui na watu. Hapa ndipo tasnifu nyingi za shahada ya kwanza zinapovunjika. Mwanafunzi anahesabu vichwa vya habari vya gazeti kwa miezi mitatu, kisha anahitimisha kwamba gazeti "limeweka ajenda kwa wananchi". Hajamuuliza mwananchi hata mmoja. Alichopima ni ajenda ya gazeti, na angeandika hivyo tu, kazi ingesimama.

Kwa kila nadharia, andika nusu ukurasa kwa Kiswahili wenye majibu manne: walichunguza nini, wapi na lini, walipimaje, na hapa kwetu ingepimwaje. Ulindalango, yaani ule uchaguzi wa habari aliouchambua White, kwa mfano, unaweza kuuona kwenye redio ya jamii yoyote: taarifa ngapi ziliingia leo, ngapi zilisomwa saa 1 usiku, na zilizobaki zilibaki kwa sababu gani.

Kozi ya sheria za habari isikupite. Anza na Ibara ya 18 ya Katiba, kisha Sheria ya Huduma za Habari na Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, zote za 2016, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Soma vifungu vyenyewe badala ya muhtasari wa darasani. Sheria ya Huduma za Habari ndiyo inayoweka ithibati, yaani kibali cha kufanya kazi ya habari: mwandishi anatakiwa kuwa na kitambulisho kinachotolewa na Bodi ya Ithibati, na kanuni zake za 2017 ziliweka stashahada kuwa elimu ya chini.

Ripoti ya redio ya sekunde 90 kwa simu

Hii ndiyo kazi inayofundisha mengi kwa gharama ndogo. Unahitaji simu, spika za masikioni, na ikiwezekana kipaza sauti cha kubana kwenye nguo.

1. Weka simu kwenye hali ya ndege. Simu ikiita katikati ya mahojiano, kipande hicho hakifai tena.
2. Chagua mahali. Zima feni na friji. Chini ya bati mvua ikianza, hamia kwingine. Chumba chenye kitanda, mapazia na nguo zilizotundikwa hunasa sauti vizuri kuliko ofisi tupu yenye vigae.
3. Kipaza sauti kikae shubiri moja kutoka mdomoni, pembeni kidogo ili pumzi ya "p" na "b" isikipige. Rekodi kwa WAV, aina ya faili isiyobana sauti, na mshale wa kipimo cha sauti uchezee karibu na −12 dB. Ukigusa 0, sauti imepasuka na hakuna programu itakayoirudisha.
4. Mwombe anayehojiwa ataje jina na cheo chake mwenyewe. Utapata matamshi sahihi na ushahidi wa kwamba alikubali kurekodiwa.
5. Mahojiano yasizidi dakika 15. Kuyaandika neno kwa neno kutakula saa moja.
6. Kabla ya kuondoka, rekodi sekunde 30 za mahali penyewe bila mtu kusema. Sauti hiyo ndiyo utakayoitandika chini ya maungio ya vipande. Kisha sikiliza sekunde chache za mwanzo, katikati na mwisho, ungali upo palepale.
7. Hifadhi nakala mbili nje ya simu siku hiyohiyo, jina la faili likiwa tarehe, mahali na mtu.

Sasa hesabu ya maneno. Neno la Kiswahili hubeba mengi: "hawajatulipa" ni neno moja. Ndiyo maana vipimo vya kasi vilivyo kwenye vitabu vya Kiingereza vitakudanganya. Soma kwa sauti maneno 200 ya habari huku unapima. Wengi huchukua kati ya dakika moja na nusu na mbili. Kwa ripoti ya sekunde 90 yenye vipande viwili vya sauti, jumla sekunde 35, unabakiwa na sekunde 55 za sauti yako: maneno kama 100. Hayo tu.

Andika ukiwa umeshachagua vipande. Kosa linalorudiwa kuliko yote ni utangulizi unaosema kilekile kitakachosemwa kwenye kipande. Ripota anasema, "Mama huyo anasema amepoteza gunia sita za mahindi," halafu mama anasema, "Nimepoteza gunia sita za mahindi." Mwachie mama gunia zake. Wewe sema maji yaliingia ghalani saa ngapi.

Fildi

Mafunzo kwa vitendo hudumu takriban wiki nane. HESLB huhesabu siku 56 kwa wanaolipiwa. Barua ya chuo ipelekwe miezi mitatu kabla, kwa mkono ikiwezekana, ikiwa na ukurasa mmoja unaotaja kazi zako tatu na mahali zinapopatikana.

Wengi hukimbilia vyombo vikubwa vya Dar es Salaam. Ushauri wetu ni tofauti kwa fildi ya kwanza: nenda redio ya jamii au ya mkoa. Kwenye chombo kikubwa kuna wanafunzi wa fildi kumi na tano na kompyuta tatu, na unaweza kumaliza wiki nane ukibeba mguu wa kamera. Redio ndogo ina upungufu wa watu. Jumatatu unapokelewa, Jumatano unasoma matangazo ya vifo, wiki ya pili unatumwa kwenye baraza la madiwani peke yako. Chombo kikubwa kifuate mwaka wa pili, ukiwa na sampuli za kuwaonyesha.

Kitabu cha kumbukumbu kijazwe kila jioni na kusainiwa kila Ijumaa. Kusubiri wiki ya nane kunamaanisha kumtafuta msimamizi aliyekwenda likizo. Mwombe mhariri akuachie nakala ya stori yako yenye masahihisho yake. Masahihisho hayo yana thamani kuliko barua ya kukusifia.

Utafiti wa mwaka wa tatu

Chagua mada inayofikika kwa nauli uliyonayo. "Nafasi ya vyombo vya habari katika maendeleo" haipimiki. "Nani ananukuliwa katika kurasa za mbele za magazeti mawili ya Kiswahili" inapimika, na data yake iko maktaba: Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina mkusanyiko wa Afrika Mashariki, Maktaba Kuu ya Taifa ipo mjini Dar es Salaam, na Nyaraka za Taifa ziko Upanga.

Usichukue mwezi mmoja mfululizo, kwa maana tukio moja kubwa litaufunika wote. Tunga wiki: katika kipindi cha miezi sita, chagua kwa bahati nasibu Jumatatu moja, Jumanne moja, mpaka Jumapili, kisha rudia. Wiki mbili za namna hiyo ni matoleo 14 kwa gazeti, kurasa 28 kwa magazeti mawili. Zikiwa na vichwa sita kila moja, una habari kama 168. Mtu mmoja anaziweza.

Fomu ya kuhesabia iwe na safu chache: tarehe, gazeti, mada, anayenukuliwa wa kwanza, jinsia yake, cheo chake. Andika kanuni ya kila safu kabla ya kuanza. Habari ya bei ya mahindi ni kilimo au uchumi? Amua sasa, uiandike. Kisha mpe mwenzako habari 20 azihesabu peke yake kwa kanuni zako na mlinganishe kwa kipimo cha kappa, kinachoonyesha mmekubaliana kiasi gani zaidi ya bahati tu. Ikiwa chini ya 0.70, kanuni zako hazieleweki. Zirekebishe na uanze upya. Ukiruka hatua hii, swali la kwanza siku ya kutetea litakuwa hilo.

Kama utahoji watu, barua ya chuo hupita kwa Katibu Tawala wa Mkoa kisha wilayani. Itengee wiki tatu. Mpango unaowezekana: mada Novemba, pendekezo Januari, data Februari na Machi, uchambuzi Aprili, rasimu kamili Mei.

Tasnifu ikishakubaliwa, andika matokeo yake kwa Kiswahili, maneno 600, jedwali moja, bila neno "nadharia". Yapeleke kwa wahariri wa magazeti uliyoyachunguza. Kwa mara ya kwanza watakuwa wanasoma jina lako juu ya kitu ambacho wao wenyewe hawakuwa nacho.